Presha ya Tuaibo

Mtu asiyeumwa haendi hospitali. Hili mimi sikufundishwa na yeyote, wala sikudhani nitafikia uzee huu nianze kumfundisha mwingine. Hospitali mtu anapelekwa akishazidiwa, tena baada ya mwarobaini kushindwa na majirani kuanza kunong'ona. Kwa hiyo Tuaibo aliporudi kazini jioni ile, akakaa barazani na kuniambia, "Shangazi, Jumatatu nakwenda kupimwa," nilishika kifua.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Sasa unakwenda kupimwa nini?"

"Kuangaliwa kama siumwi."

"Si umeshaniambia huumwi?"

"Ndiyo, lakini wao hawajui."

Nilimtazama shingo. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu kaka yangu, baba yake, alipofariki, na mama yake alikuwa ametangulia. Akidanganya anakuna shingo. Hakuikuna. Akanieleza kwamba kampuni yao ya ulinzi, ile inayolinda geti la kambi ya watu wa gesi, imetoa amri. Kila mlinzi atapimwa mwili mzima mara moja kwa mwaka, awe anaumwa, awe haumwi. Asiyepimwa haongezewi mkataba. Na atakayekutwa mgonjwa, mkataba wake ndio basi.

Hapo nilikasirika na kuogopa kwa pamoja. Tangu tuhamishwe ufukweni tukaletwa huku Quitunda, kaskazini ya Msumbiji, kwenye nyumba hizi za matofali zilizopangwa mistari, kijana asiye na kazi kambini hakai. Anavuka Ruvuma, anakwenda Mtwara, akitoka hapo ni Dar, akitoka hapo hajulikani. Kaka zake wawili Tuaibo waliondoka hivyo hivyo, wakaniambia watarudi Idi, hawakusema Idi ipi. Nimebaki na huyu mmoja. Kazi ile ya kukaa kwenye kiti na kuinua mti gari likija ndiyo iliyomfunga hapa kwangu, na nilikuwa tayari kumng'ata mtu yeyote atakayekuja kuifungua kamba hiyo.

Rachida, mke wa Tuaibo, alimwambia jirani mmoja tu, tena kwa siri. Quitunda siri haina pa kujificha. Ukikohoa mstari wa kwanza, mstari wa nne wanakuitikia pole. Jumamosi asubuhi watu wakaanza kuja kumkagua mgonjwa.

Kwetu mgonjwa hukaguliwa, na asiyekwenda kukagua anawekewa kiporo mpaka siku atakapougua yeye. Tuaibo alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Nikamwambia aache shoka aje alale, watu watatuonaje. Mgonjwa hapokei wageni na shoka mkononi. Alibisha kidogo, kisha akalala kwenye mkeka kwa sababu ana adabu. Kila aliyeingia alimwambia, "Mimi mzima." Na kila aliyeambiwa hivyo alinigeukia mimi, akatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Ndivyo wanavyosemaga."

Uji ulikuja bakuli baada ya bakuli, wa mchele, wa mtama, wa muhogo, na wote akaunywa, maana mgonjwa haulizwi uji. Bwana mmoja ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mbuzi alikuja kuomba radhi, akalia mpaka Tuaibo ndiye akawa anambembeleza. Mwanamke wa mstari wa pili akarudisha kinu changu nilichokwisha kukikatia tamaa. Mwalimu Ibraimo, anayesomesha watoto wetu Kurani, alikuja akasoma dua ndefu, ile ambayo siku zote nimeisikia ikisomwa kwa mtu aliyekata kauli. Ilipofika magharibi, Tuaibo akasema kichwa kinamuuma na tumbo limejaa.

"Nilijua," akasema Ibraimo.

Mimi pia kichwa kilikuwa kinanigonga, lakini changu kilikuwa kinagonga tangu tuhamie chini ya mabati haya, na hakuna aliyeniletea uji.

Jumatatu tukaenda wanne, maana mgonjwa haendi hospitali peke yake, hata mgonjwa mzima. Tuaibo mbele, Rachida na chupa ya chai, Ibraimo na maji ya dua, na mimi nimejikaza kichwa kwa kipande cha kapulana, kitenge changu cha kujifunga, ili kisipasuke njiani. Zahanati ya kampuni ilikuwa kontena jeupe karibu na geti. Ndani kulikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Kulikuwa na kitanda, meza, na skrini kubwa ukutani, na kwenye skrini alikuwa ametokeza mwanamume mwenye miwani.

"Aingie mfanyakazi tu," alisema nesi, dada mmoja wa Kimakonde kutoka Mueda, jina lake Delfina.

Tukaingia wote. Ibraimo akachukua kiti kimoja, mimi kingine.

"Huyo ni daktari Lázaro," Delfina akatueleza baada ya kuona hatutoki. "Yuko Maputo. Anawapima wagonjwa kwa mtandao."

"Anawaona. Anawagusaje?" nikauliza.

"Nagusa mimi."

"Basi daktari ni wewe, na yule ni picha."

Delfina akacheka. Akasema kinga ni bora kuliko tiba, kwamba wazungu na hata watu wa Maputo wanapimwa kila mwaka kabla ugonjwa haujatokea. Nikamwambia usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Ugonjwa umejilalia zake, wewe unakwenda kuupigia hodi kila mwaka. Ibraimo akasema kweli kabisa.

Daktari alianza kuuliza kwa Kireno, Delfina akawa anatutafsiria.

"Anauliza, unalala vizuri usiku?"

"Analala sana," nikajibu. "Kumwamsha ni kazi."

"Namuuliza yeye, bibi."

"Yeye amelala, atajuaje?"

Delfina akamtazama Tuaibo, Tuaibo akatazama sakafu. Angeweza kusema nini? Wakubwa wake tupo. Mgonjwa mwenye watu wake hasemi mwenyewe, anasemewa. Delfina akapumua, akaendelea.

"Anafanya mazoezi?"

"Kazi yake ni kukaa," akasema Rachida. "Na nyumbani pia."

"Anakunywa pombe?"

Mwalimu Ibraimo akasogeza kiti mbele. Tuaibo akaanza kukuna shingo.

"Hanywi," nikasema upesi. "Swali linalofuata."

"Katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla?"

Hilo lilinichoma. "Baba yake," nikasema. "Kaka yangu mimi, tumbo moja. Aliinama kunawa uso asubuhi, hakuinuka. Na mama yetu hivyo hivyo, kwenye shamba la muhogo."

Delfina hakucheka tena. Alimtafsiria daktari polepole. Daktari akafungua mdomo ajibu, na hapo hapo mtandao ukakwama. Akabaki mdomo wazi, jicho moja limefumba. Sisi tukakaa tunamtazama kwa heshima, tukingoja arudi.

Delfina akaona asipoteze muda. Akatoa mashine ya presha, ile ya mkanda wa kufunga mkononi, akamwelekea Tuaibo. Sasa nawauliza nyinyi mliolelewa. Mimi nimekaa pale, mwanamke mzima, mwalimu wa watoto amekaa pale, halafu kitu kinaanza kugawiwa kwa mdogo? Kwetu hata maji ya kunawa hayaanzi kwa mdogo. Tuaibo mwenyewe alirudisha mkono nyuma.

"Wakubwa kwanza," akasema. Nilimshukuru Mungu kwamba nilimlea mimi.

"Bibi, hiki si chakula," Delfina akaniambia.

"Hata kama. Kwani kwenu Mueda mnaanzia kwa watoto?"

Akashusha mkanda, maana kwao pia hawaanzii kwa watoto. Ibraimo, ambaye hajui kukaa kimya penye kitu cha bure, akakunja mkono wa kanzu. "Mimi hapa ndiye mkubwa," akasema.

"Ibraimo, wewe nilikubeba mgongoni siku ya harusi ya mama yako mdogo, ukanikojolea nguo mpya."

Akashusha mkono wa kanzu.

"Haya, bibi, njoo wewe, ili tumalize," akasema Delfina, akanifunga ule mkanda. Ukabana, ukabana tena, nikadhani unataka kuondoka na mkono. Kisha mashine ikalia, na namba ikaruka yenyewe kutoka mkononi mwangu ikaenda Maputo. Mashine za siku hizi hazingoji mtu azitume. Hii ilikuwa imewekewa jina la Tuaibo tangu asubuhi, na ikaenda na jina hilo.

Skrini ikazinduka. Daktari akafunga mdomo, akasoma, akainuka kwenye kiti chake. Huhitaji Kireno kujua mtu akiogopa. Delfina akatafsiri kwa kukimbizana naye. Alale. Asikae. Asitembee. Asikasirishwe. Kabla hatujauliza ni nani, skrini ikawa nyekundu yote, daktari akapotea, na Rachida alikuwa ameshamsukuma mumewe kitandani na kuanza kulia.

"Ngojeni," akasema Delfina. Akamfunga Tuaibo ule mkanda, akapima. "Huyu ana presha ya mtoto wa shule." Akabonyeza mashine itume. Mashine ikakataa. Akabonyeza tena. Akaandika ujumbe, akaeleza ilivyokuwa, kwamba mkono uliofungwa si wa mfanyakazi. Jibu likaja mara moja: mfumo unapokea kipimo kimoja kwa mfanyakazi mmoja kwa mwaka, kingine mpaka atibiwe, na mgonjwa asikae. Akaandika tena. Wakamjibu hayo hayo, wakaongeza kwamba ndege imeshaagizwa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia shefe Henrique, msimamizi wa walinzi, na watu wawili wenye machela. Aliambiwa na redio yake kwamba mlinzi wake anakufa. Alimkuta mlinzi wake amekaa kitandani anakunywa chai ya Rachida, akamwomba kwa upole alale, kwa sababu amri inasema asikae.

Delfina akamweleza. Henrique akasikiliza mpaka mwisho, akaomba aelezwe upya, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo namba ni ya huyu mama?"

"Ni yangu," nikasema. "Nirudishieni, tuondoke."

"Haya, nisikilizeni. Njia zipo mbili," akasema. "Tuaibo akisema kwa mdomo wake kwamba namba si yake, nitapiga simu Maputo, fundi ataifuta, atapimwa upya. Leo hii hii yuko getini. Ndege nitairudisha, kwa maana ni ya wafanyakazi tu, inawapeleka Pemba mjini, huku huku mkoani kwetu, kwenye hospitali ya watu binafsi tuliyokubaliana nayo. Akisema ni yake, anapanda ndege pamoja na ndugu mmoja wa kumsindikiza, na mimi namwita mwingine akae getini. Mlinzi mgonjwa hana mkataba."

"Na huyu bibi?" akauliza Delfina.

"Huyu si mfanyakazi."

Sikumngoja mtu. "Umesikia, Tuaibo? Sema namba si yako, uende kazini. Mimi nina kichwa tu, nitatia mafuta ya karafuu."

Tuaibo hakunitazama mimi. Alimtazama Delfina. "Mtu mwenye namba hiyo akibaki hapa anakuwaje?"

"Mishipa ya kichwa inapasuka," akasema Delfina. "Sijui leo, sijui mwezi ujao. Dawa za kuishusha haraka na mtu wa kumwangalia hapa hatuna. Ndivyo alivyokufa baba yako."

Tuaibo akampa mkewe kikombe. Akajinyoosha kwenye machela mwenyewe, mikono ubavuni.

"Shefe," akasema, "namba ni yangu."

Na alikuwa anakuna shingo.

Nilimpenda mtoto yule saa ile mpaka nikatamani kumpiga. Na nilimpiga, nasema kweli, nilivua ndara nikampiga nayo mguuni. Nilimwambia ainuke, mwana mpumbavu wewe, mkataba unakwenda, utakwenda na wewe, utaniambia utarudi Idi. Henrique akanishika mkono kwa adabu, akasema, "Mama, usimguse mgonjwa." Nikamvuta Tuaibo mguu. Akashika machela.

"Inuka."

"Siwezi, shangazi. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Presha."

Nikamgeukia Ibraimo anisaidie. Ibraimo alikuwa ameinamisha kichwa anasoma dua, ile ile ndefu, na safari hii sikujua anamsomea nani. Nikaona dunia inazunguka kidogo, nikakaa. Delfina alikuwa tayari amekuja nyuma yangu na kiti.

Tukapanda ndege. Mimi ndege nilizijua kwa kuzitazama kutoka chini tu, matumbo yake. Tuaibo walimfunga mikanda kwenye machela, mimi nikafungwa kwenye kiti cha msindikizaji, Delfina katikati na mkoba wake wa dawa. Nilimtukana Tuaibo tangu ilipoanza kukimbia mpaka ilipoacha ardhi. Tulipofika juu ya maji nikanyamaza kwa sababu damu ilianza kunitoka puani, na upande mmoja wa macho sikuwa naona vizuri. Nilimwona Tuaibo anafungua mikanda. Sikuwa na nguvu za kumkataza. Nilipopata fahamu nzuri nilikuwa nimelala mimi kwenye machela, nimefungwa kifuani, na yeye amekaa kwenye kiti cha msindikizaji amenishika mkono.

Basi ndege ilipofika Pemba nikashushwa hivyo. Mwanamke wa mapokezi alitazama kompyuta yake, akanitazama mimi.

"Hapa imeandikwa Tuaibo, mwanamume, miaka ishirini na tisa."

"Ndiye," akasema Tuaibo.

"Huyu ni bibi."

"Huko kwetu tunazeeka mapema. Ni jua."

Yule mwanamke hakuridhika, na nampongeza kwa hilo. Akamwita mtu, wakaleta mashine yao, wakanifunga. Namba iliyotoka ilikuwa ile ile ya Quitunda, imezidi kidogo tu. Wakamfunga na Tuaibo. Yake ilikuwa nzuri. Hapo shaka ikaisha. Mashine ilisema Tuaibo ni yule mwenye presha, na mwenye presha ni mimi, basi yule kijana mzima alikuwa msindikizaji. Delfina aliwaeleza ukweli wote kwa Kireno kizuri, wakamsikiliza vizuri, wakasema watauandika mahali. Kisha wakanisukuma wodi ya wanaume.

Nisiwachoshe na wodi ya wanaume. Walinitengea kona, wakatundika shuka. Kila asubuhi nesi aliita, "Senhor Tuaibo," yaani Bwana Tuaibo, nami nikaitika naam. Mwanzoni niliitika kwa hasira, baadaye kwa mazoea. Niliwafundisha wenzangu wa wodi kukunja mashuka yao na kutokupiga makelele wakati wa sala. Mmoja wao, mzee mwenye mguu mbovu, alisema hajapata kuona mlinzi mkali namna ile, na kwamba geti nililokuwa nalinda halikuwa na hofu. Dawa ziliingia kwa mshipa, kisha kwa mdomo. Kile kichwa kilichokuwa kinagonga kikapunguza, kisha siku moja nikaamka nikasikia kimya ndani yake, na niliogopa, nikadhani nimekufa.

Tuaibo alilala nje kwenye ukumbi, kwenye mkeka. Kila siku nilimwambia arudi akaombe kazi yake. Kila siku alijibu kwamba haiwezekani, yeye yuko wodini anaumwa, atarudije. Tulijua sote kwamba kiti chake kimeshakaliwa na mtu mwingine. Nilimwona anavyotazama barabara inayokwenda kaskazini, na nilikuwa nikihesabu moyoni ni lini ataniaga.

Wakati wa kuruhusiwa ulipofika walinipima, namba ikawa ya mtu mzima na mwenye afya, na namba ile ikaruka yenyewe kwenda Maputo, kama mwenzake. Tuliporudi Quitunda, Henrique alikuwa anatungoja nje ya nyumba. Skrini ya Maputo imekuwa kijani, alisema. Mlinzi Tuaibo amepona. Katika walinzi wote, mfumo haujapata kuona presha iliyokuwa mbaya vile ikashuka vizuri vile, na wakubwa wamefurahi, wanasema upimaji wa kila mwaka umeokoa maisha. Wanakuja na kamera. Mkataba uko mezani.

"Lakini, shefe," Tuaibo akaanza, "wewe unajua kwamba..."

"Mimi najua kwamba skrini ni kijani," akasema Henrique. "Niache nayo."

Basi wakaja, wakampiga picha Tuaibo akicheka kando ya mashine, wakaibandika kwenye kontena. Akarudi kwenye kiti chake. Sharti moja tu, kwa kuwa ni mgonjwa aliyepona: kila mwezi presha yake iangaliwe, na kila mwezi ilingane na ya Pemba. Ya Tuaibo mwenyewe, ile ya mtoto wa shule, hailingani nayo; kila mwezi, basi, nakwenda mimi. Delfina ananifunga mkanda, daktari Lázaro anatokea ukutani na kusema kwa furaha, "Bom dia, Tuaibo." Mwanga wa mle kontena ni hafifu na mtandao wake ni mbovu, lakini mara moja aliuliza kwa nini Tuaibo anavaa kapulana kichwani. Delfina akamwambia ni baridi.

Kule kambini wameamrisha Tuaibo apikiwe chakula kisicho na chumvi, na anakila. Samaki bila chumvi, kunde bila chumvi, mchana baada ya mchana, na wenzake wanamcheka. Mimi nilipoambiwa na Delfina niache chumvi nilisema nimekula chumvi tangu kuzaliwa na siachi. Nilipojua yule mtoto anakula vile, nikaacha.

Vidonge ndivyo vilivyonishinda. Vinanikimbiza chooni usiku kucha, vinanilegeza miguu, na mimi sikuwa naumwa tena, kwa nini nimeze? Mtu asiyeumwa hamezi dawa. Mwezi mmoja nikavificha chini ya godoro, sikumwambia mtu. Nilipokwenda kupimwa, namba ikapanda, skrini ikawa nyekundu, na kesho yake asubuhi Tuaibo akarudishwa nyumbani apumzike, kiti akapewa mwingine mpaka mambo yatakapokuwa sawa.

Hakunigombeza. Aliingia chumbani, akainua godoro, akavikuta. Akakaa nami kwenye mkeka, akavipanga mbele yangu.

"Shangazi, presha yako ndiyo presha yangu. Ukipanda wewe, mimi nashuka kazini."

"Mzigo gani huu unanitwika mtu mzima?"

"Si mimi niliyetanguliza mkono."

Nikamwuliza lile lililokuwa limenikaa kooni tangu Pemba. "Na siku nikifa, itakuwaje?"

Alifikiri. Alikuwa anafikiri kweli, na shingo yake hakuigusa.

"Wataandika nimekufa mimi," akasema. "Watanifuta. Nitavuka Ruvuma, nitakwenda kutafuta maisha kama wale wawili." Akanisogezea kidonge kimoja kwa kidole. "Basi usife, shangazi."

Nikamwambia aniletee maji.